Pete ya Kamba

Jumamosi ile Kenyatta Market ilikuwa imejaa pomoni. Moshi wa nyama choma ulitoka upande mmoja, harufu ya mafuta ya nywele upande wa pili, na katikati wasusi walikuwa wanawashika wapita njia mikono: "Kuja nikusuke, siste, kiti iko!" Thuo alipita hapo ameinua ubao wa mbavu za mbuzi juu ya kichwa, aproni yake ya buluu imelowa mafuta, mara mtu akamvuta shati.

"Hiyo nyama ni ya nani?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, ameketi wima kwenye kistuli kama mtu aliye kwenye gwaride. Wasusi watatu walikuwa wanamvuta kichwa kwa pamoja. Nusu ya nywele zilikuwa zimelala mistari, nusu zimesimama ovyo.

"Ni ya mteja, madam. Yule mzee wa kofia."

"Mzee anaweza ngoja. Mimi sijakula tangu asubuhi, na hawa watu wananiua." Akachomoa ubavu mmoja na kuutia jino.

"Sasa mzee nimwambie nini?"

"Mwambie serikali imechukua."

Thuo alipaswa kukasirika. Badala yake alijikuta anacheka. "Kwani wewe ni serikali?"

"Niko Mtongwe. Nafanya kazi ya maji."

"Aa! Kumbe ni nyinyi mnatukatia maji huku Riruta!"

Nyakio, msusi aliyekuwa jirani wa Thuo kwa miaka mingi pale sokoni, aliangusha kitana kwa kicheko. "Wewe Thuo! Huyu ni Luteni Peres Obuya. Jeshi la wanamaji!"

Thuo alimtazama upya: fulana nyeupe, jinzi, mgongo usiopinda. Akashusha ubao wote mbele yake. "Basi serikali ichukue yote," alisema.

Likizo ya Peres haikuwa ndefu, lakini waliitumia vizuri. Mama yake alikaa Satellite, kwao Thuo ni karibu tu, huko Riruta, kwa hiyo jioni walikutana barabarani bila kupanga, au wakajifanya hawakupanga. Walishuka mjini wakaketi bustani ya Jeevanjee kusikiliza wahubiri na wachekeshaji wakigombea watu. Thuo alimnunulia gauni la manjano katika Biashara Street, na alipolivaa wanaume waligeuka, na kila aliyegeuka Thuo alimwona.

"Yule alikuwa anaangalia nini?"

"Labda alikuwa anaangalia wewe, babe. Unanukia nyama."

Alicheka naye, lakini alimshika mkono kwa nguvu zaidi.

Peres alirudi kazini Mtongwe, kule Mombasa, na mapenzi yakahamia kwenye simu. Siku moja akapiga akiwa na pumzi juu juu.

"Thuo! Nimechaguliwa! Kuna meli ya mafunzo kutoka Amerika ya Kusini, inaitwa *Alborada*. Ya matanga! Wanaalika maafisa wa nchi zingine. Napanda Colombo, tunaenda Male, Victoria ya Shelisheli, halafu tunaingia Mombasa."

"Matanga? Kwani huko kwao mafuta yaliisha?"

"Mjinga wewe! Ndivyo wanavyofundisha mabaharia. Upepo, kamba, kupanda mlingoti. Halafu kila bandari tunafungua meli, watu wanapanda, kuna chakula, muziki, dansi. Ni ziara ya urafiki."

"Urafiki wa aina gani?"

"Thuo..."

"Nauliza tu, mpenzi."

Aliuliza tu, lakini swali lile lililala naye na kuamka naye.

Baharini simu yake haikuwa na mtandao. Peres alipiga simu kila walipofika bandarini, na kila alipopiga alikuwa na mengi: jinsi matanga yanavyonguruma yakifunguka, jinsi viganja vilivyochubuka, jinsi alivyopanda hadi juu kabisa na kuangalia bahari imezunguka pande zote. Thuo alisikia jina moja tu.

"Ezequiel ndiye alinifundisha kufunga tanga la juu. Ezequiel anapiga gita. Ezequiel anasema..."

"Huyo Ezequiel hana kazi?"

"Ni luteni kama mimi. Tuko zamu moja. Mbona sauti imebadilika?"

"Ni moshi," alisema Thuo. Siku ile jiko lake lilikuwa halijawashwa.

Akaanza kuufuata ukurasa wa meli kwenye simu. Picha za Colombo: sitaha imepambwa bendera, wageni wa suti, wanawake wa sari za zari, na Peres amevaa sare nyeupe, anacheza na mwanamume mwembamba wa masharubu membamba, mkono wa mwanamume ukiwa mgongoni mwake. Thuo aliikuza picha ile mpaka mkono ukajaa kioo chote. Mteja aliuliza nyama yake iko wapi. Nyama ilikuwa imeungua.

"Nyakio, tazama. Huu mkono uko wapi?"

"Uko mahali mkono unakaa mtu akicheza dansi. Wewe Thuo, utakuwa mwehu."

Lakini picha iliyommaliza ilitoka baada ya Male. Ezequiel alikuwa amepiga goti sitahani. Peres amesimama mbele yake, nywele zimelowa, anacheka na mwanya wake wote. Mabaharia wamewazunguka wakipiga makofi. Na Ezequiel alikuwa anamvisha pete.

Thuo aliiacha nyama kwa mwenzake akatembea mpaka akajikuta Ngong Road, hajui amefikaje. Wivu si kama njaa, kwamba ukila unaisha. Kila alipokwisha kuitazama picha aliifungua tena. Hatimaye alibonyeza kitufe cha sauti akasema yote yaliyokuwa kifuani. Alisema sasa ameelewa hiyo ziara ya urafiki ni ya nini. Alisema kuna wanawake wa bandari ambao angalau hawavai sare. Akatuma. Kisha akaifungia namba ya Peres, ili asisikie jibu.

Peres aliisikiliza sauti ile Victoria, kwenye gati, jua likiwaka, akiwa amesimama kwenye foleni ya mkate na wenzake. Alikuwa amefurahi kuona ujumbe wa Thuo. Aliusikiliza mara moja. Kisha akapiga simu, ikakataa, akapiga tena, ikakataa.

*Alborada* ilipotia nanga Mombasa, redio zilitangaza, watoto wa shule wakapelekwa kuiona. Nahodha na baadhi ya mabaharia wake wakapanda kuja Nairobi, maana balozi wao alikuwa amewaandalia karamu ya mchana nyumbani kwake Muthangari. Mwenye kampuni ya mapishi alihitaji mtu wa kuchoma mbuzi, akaenda Kenyatta Market, akamkuta Thuo.

"Usiende," Nyakio alimwambia. "Utajitesa bure."

"Naenda kuchoma nyama."

"Unaenda kuona."

Alienda kuona. Alijiweka nyuma ya jiko, chini ya bustani, mahali ambapo moshi ulimficha. Wageni walijaa kwenye nyasi, magauni ya hariri, suti, glasi zikigongana. Ndipo Peres akateremka ngazi. Sare nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, vifungo vya dhahabu, kofia kwapani, nywele zake zimesukwa upya mistari myembamba. Jua la bahari lilikuwa limemtia weusi mzuri zaidi. Kando yake alikuwa Ezequiel, akimnong'oneza kitu. Na kwenye kidole cha Peres pete ilikuwepo.

Thuo aliinamia jiko. Akashika kisu, akakata nyama vipande vidogo mno, kama vya kulisha paka.

Makadeti walikuja wa kwanza, vijana wenye njaa. Mkono mmoja ukanyooshwa kuchukua nyama. Kidoleni kulikuwa na pete. Ya kamba nyeupe, iliyosokotwa kama mkufu. Mkono wa pili ukaja: pete ya kamba. Wa tatu, binti mdogo wa shavu lenye chunusi: pete ya kamba. Mpishi wao mnene, mwenye tumbo la kusukuma vifungo, naye alinyoosha kidole chenye pete ile ile. Thuo alisimama na kisu hewani.

"Hiyo pete," alimuuliza mpishi, akionyesha kidole chake mwenyewe. "Nini?"

Mpishi hakuelewa, lakini mtu mwingine alijibu. Ezequiel alikuwa amesimama mbele ya jiko, anamtazama kama mtu anayelinganisha uso na picha.

"Ikweta," alisema Ezequiel. "Mtu kupita ikweta mara kwanza, meli namwaga maji kichwa. Halafu napa pete. Kila mtu. Mimi napa pete, kila mtu." Akapiga goti hewani kuonyesha, akainuka. Kiswahili chake kilivunjikavunjika, lakini alikuwa amekitafuta kwa bidii, na Thuo alijua amekitafuta kwa ajili ya nani. "Wewe ni Thuo."

"Ni mimi."

"Mimi napenda Peres. Mimi nasema yeye, kaa na mimi. Yeye nasema hapana, iko Thuo." Akachukua kipande cha nyama, akakitafuna polepole. "Wewe una bahati. Pia wewe ni mjinga."

Akaondoka na sahani yake. Katika maisha yake Thuo alikuwa ametukanwa na watu wengi, lakini hakuna aliyekuwa na haki kama yule.

Alimfikia Peres kwenye ua wa maua, mbali na wageni. Harufu ya moshi ilimtangulia, Peres akageuka kabla hajaitwa.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Nachoma. Peres, nimeona zile pete. Nimeona kila mtu anayo. Nisamehe, sikujua."

"Sasa umeona pete za watu wote ndio ukaniamini?"

Thuo alifuta mikono kwenye aproni.

"Na kama ningekuwa nayo mimi peke yangu? Ungeamini nini?" Macho ya Peres yalijaa machozi lakini sauti haikutetereka. "Pete si shida. Uliniita mwanamke wa bandari. Nilisikia mbele ya watu, Thuo, na mkate mkononi. Halafu ukanifungia. Hata mwizi anaulizwa kabla hajapigwa."

"Wivu ulinishika."

"Wivu ulikushika, ukanipiga mimi." Akavaa kofia, akaisawazisha kwa vidole viwili. "Nahodha ameniomba niendelee nao. Cape Town, halafu kuvuka hadi kwao. Nusu mwaka. Nilitaka tuongee mimi na wewe kwanza. Lakini namba yako haipatikani."

Akapanda ngazi kurudi kwa wageni.

Jumapili, kanisa lilipotoka, Thuo alibisha mlango Satellite. Alikuwa ameoga mara mbili, amevaa shati jeupe, na bado alinukia moshi. Mama Peres, mwanamke mfupi wa leso ya kiunoni, alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye ulimliza mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Angalau hukudanganya. Viazi viko jikoni, havijamenywa. Peres yuko huko huko."

Peres alikuwa amevaa dera kuukuu, miguu peku. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Alisukuma karai la viazi na kisu upande wake. Wakamenya, maganda yakianguka.

"Nikienda," Peres alisema mwishowe, "utafanya nini?"

Thuo alikuwa ameandaa maneno mengi mazuri njiani. Yote yalimtoroka. "Nitaona wivu," alisema. "Siwezi kukudanganya. Nitaona wivu kila mkiingia bandari. Pengine hata mkiwa katikati ya maji. Lakini ni wivu wangu, Peres. Nitaubeba mimi. Sitakutumia tena uubebe wewe."

"Na ukikushinda?"

"Nitakupigia nikuulize. Kama mwizi."

Mdomo wa Peres ulicheza kidogo, akaukaza.

"Nataka kwenda, Thuo. Nataka sana."

"Basi nenda. Na ukirudi, wazee wangu wa Riruta waje hapa kwa mama yako. Ukikubali. Ukikataa, nitakuja peke yangu kumenya viazi."

Peres aliinama juu ya karai, na Thuo akaona tone moja linaangukia maji. Hakusema ndiyo. Alijifuta kwa kiwiko, akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Aliyeitika alikuwa Ezequiel, na kisu cha Thuo kikasimama.

"Mwambie nahodha nakuja," Peres alimwambia kwa Kiswahili cha polepole, kisha akaongeza maneno kadhaa ya lugha ya kule. Ezequiel akajibu kwa lugha yake, sentensi ndefu, na Peres akacheka kicheko kirefu, cha kutoka tumboni, kicheko ambacho Thuo hakukijua. Kilimchoma kama kaa la moto. Akaendelea kumenya. Alimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama gololi.

Simu ikakatwa. Peres alikuwa anamtazama.

"Umenyamaza."

"Nimenyamaza."

"Lakini unataka kuuliza."

"Nataka kufa, si kuuliza tu. Amesema nini?"

Peres alizunguka meza, akamshika uso kwa viganja vyake vigumu vya baharia, vyenye harufu ya viazi vibichi, akambusu pale kati ya macho.

"Amesema safari hii nisimchoshe na hadithi za Thuo kila zamu."

Thuo alishusha kisu. Kwa mara ya kwanza tangu meli ile iondoke Colombo, pumzi ilimtoka yote.

"Mwambie pole," alisema. "Na umchoshe zaidi."