Injini Iliyokataa Kuwaka

Haya yalimpata Ottmar, rafiki yangu niliyejifunza naye urubani kwenye uwanja mdogo nje ya mji wa Gera. Ilikuwa Januari 1931, katikati ya majira ya baridi, na theluji ilifika magotini. Klabu yetu ilikuwa na ndege moja tu, na injini yake ndogo, ile ya kupozwa kwa upepo, iligoma. Mwenyekiti alishasema: isipowaka kesho, anaiuza.

Ottmar alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akazungusha rafadha, lile panga la mbele, kwa mikono mchana kutwa. Bure. Silinda zote nne zilibaki baridi kama barafu.

"Labda inataka bia kwanza, kaka," nilimtania.

"Mdomo tu wewe! Njoo uzungushe mwenyewe tukuone."

Jua lilipotua alitupa spana, akaitukana injini na sisi sote, tukaenda kunywa supu. Hapo akakumbuka kwamba hakuwa ameifunika injini blanketi, kama tulivyofanya kila jioni ili oili isigande. Akarudi peke yake akinung'unika.

Theluji mbele ya banda la ndege haikuwa na alama ya magurudumu. Ndani kulikuwa na giza, na humo gizani akasikia: tik, tik, tik. Fundi yeyote anaujua mlio huo. Ni wa chuma kinachopoa baada ya safari ndefu.

Alinyoosha mkono, akaungua vidole. Akawasha tochi.

Katikati ya mapezi ya silinda, vile vibati vyembamba vya kupozea, walikuwa wamenasa nyuki. Mmoja bado alichezesha mguu, na mguu ule ulijaa chavua mbichi ya maua ya kiangazi.