Mwezi wa Bi Tumu

"Umemuua mara ya pili, Mahfudha!"

Jamani! Bi Tumu huyo, mwanamke asiyepaza sauti hata akifukuza paka, kasimama katikati ya ukumbi. Vikuba, yale mashada ya asumini, vimemwagika chini...

Gazeti likamponyoka Mahfudha mkononi.

Ngojeni niwarudishe nyuma, maana hii ikikaa kifuani nitapasuka!

Ni mwaka wa sitini na sita, mtaani Ndia Kuu. Mahfudha katoka chuo cha ualimu, mbichiii, Kiswahili cha vitabuni kinamwasha ulimi. Shangazi yake, Bi Tumu, ndiye malenga wa mtaa. Kuandika hajui. Hutunga kichwani, mwengine akamwandikia.

"Andika, mwanangu. Shairi hili nimelibeba miaka."

"Haya, sema shangazi."

"Mama, mwezi amelala. Kiatu yangu amelala..."

Mahfudha akaangua kicheko. "Shangazi! Mwezi umelala. Kiatu changu kimelala."

"Andika nilivyosema."

Jirani yao, Bi Mwanakuu, akadakia. "Muache! Malenga wakubwa huvunja sarufi."

"Huvunja wakiijua, Bi Mwanakuu! Shangazi hata skuli hakwenda."

Bi Tumu akalisema shairi lake mpaka mwisho.

Basi Mahfudha, kimyakimya, akalinyoosha lote, akalipeleka gazetini. Na likatoka!

Alikuja mbio nalo, buibui laburuzika chini. Akamkuta Bi Tumu na wanawake wenzake ukumbini, wanatunga vikuba vya harusi.

"Shangazi, umetoka gazetini!"

"Soma, soma!" wakasema wanawake.

Akasoma kwa madaha. Vigelegele! Wa kwanza kuacha shangwe ni yeye mwenyewe, alipomtazama shangazi yake usoni.

Ndipo ukaja ule ukelele.

"Nimemuua nani, shangazi?"

Bi Mwanakuu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Badawi. Mwanawe. Wewe hujazaliwa. Homa ilimchukua hajatimiza miaka mitatu... Na hayo uliyoyanyoosha ndiyo maneno yake ya mwisho."

Mahfudha hakuwahi kulisikia jina hilo. Humo ndani halikutajwa.

"Kwani mimi sikujua kuwa mwezi umelala?" akasema Bi Tumu. "Kila mtu ajua, mwanangu. Yeye tu ndiye aliyekuwa hajui."

Mahfudha akapiga magoti kwenye asumini. "Nisamehe! Nisemee tena. Nitaandika vilevile, kosa kwa kosa, walahi!"

Bi Tumu akafumba macho.

"Mama, mwezi u..."

Akakwama. Akaanza tena.

"Mwezi u..."

Machozi yakamchuruzika.

"Maneno nayakumbuka, Mahfudha. Sauti yake ndiyo siipati. Nikimtegea sikio yeye... nakusikia wewe."

Hakutunga tena mpaka akazikwa.

Nyinyi wenye kalamu nyekundu, nawasihi. Kabla hamjamnyoosha mtu, muulizeni kwanza: haya uliyasikia kwa nani?

Mahfudha alisomesha watoto wadogo Makadara maisha yake yote. Mtoto akikosea namna ile ya Badawi, chaki aliiweka chini. Akamwambia, "Sema tena, baba. Sema tena."