Krimu ya Sikukuu

Asubuhi za Julai huko Endagikot zina baridi kali. Monica huwasha moto kwanza, ndipo akamue ng'ombe. Karibu na mafiga, juu ya rafu ndogo ya mbao, alikuwa ameweka kopo la krimu ya uso. Aliifungua miaka mitatu iliyopita, kwenye harusi ya mdogo wake. Tangu hapo ilipakwa Krismasi, Pasaka na siku za harusi tu. Aliiweka jikoni ili isigande kwa baridi.

Mwaka huu binti yake, Fabiola, alikuwa apate kipaimara. Zilibaki wiki tatu Askofu afike parokiani.

"Anza kuipaka sasa," Monica alimwambia. "Ngozi ing'ae siku hiyo."

"Mama, inanuka kama siagi ya zamani."

"Huo ni moshi. Paka tu."

Baada ya siku chache, paji la uso la Fabiola lilitoka vipele vya usaha. Liliwasha mno. Akajifunga mtandio hadi kwenye nyusi.

"Askofu hupaka mafuta ya Krisma hapa hapa," alisema, akigusa paji. "Nitakwendaje hivi? Heri nisubiri mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine?" baba yake, Hhando, alishangaa. "Na mbuzi nimeshamtenga?"

Jioni hiyo jirani yao, Genoveva, alikuja kununua maziwa. Yeye ni muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, mama," Fabiola alisalimu.

"Marahaba. Mbona umejifunga kama mgonjwa wa meno?"

Fabiola akafungua mtandio. Genoveva alitazama vipele, kisha akaomba kuona alichopaka. Monica akaleta kopo.

"Niliifungua miaka mitatu iliyopita, lakini haijaisha muda," alisema upesi. "Soma hapa chini. Tarehe yake ni ya mwakani."

"Ni kweli. Lakini tarehe hiyo ni ya kopo ambalo halijafunguliwa," Genoveva alieleza. "Likishafunguliwa, hewa na vidole huingiza vijidudu. Tazama hapa pembeni. Unaona nini?"

"Kikopo kilichochorwa, kifuniko kiko wazi. Ndani kuna 12 na herufi M."

"Maana yake ni miezi kumi na miwili tangu siku ya kufungua. Yako ina miaka mitatu. Tena imekaa karibu na moto, na joto huiharibu mapema zaidi. Angalia: maji yamejitenga na mafuta, rangi imekuwa ya njano, harufu imebadilika. Ukiona dalili hizi, tupa, hata kama tarehe bado."

Monica alilishika kopo kwa mikono miwili. "Nisiitupe yote. Chuchu za ng'ombe zimepasuka kwa baridi. Nitampaka yeye."

"Ng'ombe naye ana ngozi, dada. Na maziwa yake nakunywa mimi."

Hhando akacheka. Monica hakucheka.

"Niliitunza kwa sababu ni nzuri," alisema polepole.

"Najua. Lakini hata mahindi mazuri hubunguliwa ghalani." Kisha Genoveva akamgeukia Fabiola. "Usipake kitu tena. Osha uso kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Usiviminye vipele. Kesho uje zahanati tukupime. Uso ukivimba au homa ikipanda, usisubiri kesho. Na je, unapaka wanja?"

"Wanja wa maji. Tunatumia pamoja na Hilda, rafiki yangu."

"Tupa na huo. Wanja wa maji hugusa jicho, hivyo ubadilishe kila baada ya miezi mitatu. Kila mtu awe na wake."

Kesho yake Fabiola alipewa dawa zahanati. Monica alitupa krimu ile kwenye shimo la taka. Alinunua kopo dogo, akaandika siku ya kulifungua juu ya kifuniko, akaliweka chumbani, mbali na moto na jua. Sasa nyumba nzima hunawa mikono na kujipaka kila asubuhi, ili krimu iishe kabla haijaharibika. Hhando ndiye anayechota nyingi zaidi.

Siku ya kipaimara, vipele vilikuwa vimekauka. Yalibaki madoa machache. Monica alimpa binti yake mtandio, endapo angeona aibu. Fabiola aliukunja, akamrudishia mama yake. Askofu alipomfikia, Fabiola aliinua uso.