Kamba ya Lango la Juu

Mvua ya Novemba ilikuwa haijakatika tangu Jumapili. Maud Prosser alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia farasi akiingia uani mbio. Alikuwa farasi jike wa jirani yao, Hester. Tandiko lilikuwa tupu.

Maud na mumewe walimkuta Hester kwenye lango la juu la shamba lao, amelala topeni, hawezi kuinuka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

"Lango lenu hili, Maud," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeinama nifungue kamba, farasi akateleza."

Kamba ilikuwa ya Alwyn, mume wa Maud. Nguzo ya lango ilipoinama, kondoo walitoroka. Alwyn akalifunga kwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi. "Ya leo tu," alisema. Wafugaji wa milima ile ya Wales hufunga kila kitu kwa kamba hiyo: milango, trekta, hata suruali. Kamba ya leo ikamaliza majira mawili ya baridi. Maud aliiona kila siku, akanyamaza. Sasa alijichukia.

Kesho yake alikuja Ivor, jirani anayejitolea kukagua njia za kijiji.

"Shamba ni langu," Alwyn alimwahi kabla ya salamu.

"Shamba lako, bwana. Njia ya kijiji inayolikatiza si yako. Ni ya kila mtu, apite kwa miguu au juu ya farasi. Na lango lililo njiani, mwenye shamba ndiye wa kulitunza."

"Na kondoo wangu je?"

"Lango likikaa sawa hujifunga lenyewe. Mpanda farasi alifungue kwa mkono mmoja, bila kushuka, bila kuinama."

"Basi tununue jipya?" aliuliza Maud.

"La nini? Mbao bado nzima. Tusimamishe nguzo, tukaze bawaba, tuweke komeo refu la kushikika toka juu ya tandiko. Kisha tuchimbe mfereji, maji yasituame hapa."

"Na kamba ya suruali yangu, utaikagua pia?" alisema Alwyn.

"Hiyo endelea nayo. Haijavunja mtu."

Hakuna aliyecheka. Walichukua sururu na koleo, wakapanda mlimani mvuani. Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikwisha. Tangu siku ile wapanda farasi walipita bila taabu, na hakuna kondoo aliyetoroka tena.

Hester alirudi kutoka hospitali Machi, akitembelea fimbo. Daktari alikuwa amemkataza kupanda farasi, na yule farasi wake jike alishauzwa. Maud alimsindikiza hadi lango la juu, moyo mzito.

Hester alilisukuma kwa mkono mmoja. Likafunguka, akapita, likajifunga taratibu nyuma yake.

"Kulitengeneza kuliwachukua muda gani?"

"Asubuhi moja," Maud alijibu, machozi yakimtoka.

Hester aliitazama njia inavyopanda mlimani.

"Asubuhi moja tu," alisema. Kisha akalifungua tena lango, akarudi nyumbani kwa miguu.