Goti Jipya la Nasambu

Nasambu na mumewe Wakhungu walilima vitunguu karibu na Sirisia. Asubuhi Wakhungu ndiye aliyechemsha chai, kwa sababu goti la kulia la mkewe lilikuwa limeharibika. Nasambu aliamka akishika ukuta. Kwenda chooni tu ilikuwa kazi. Sokoni aliacha kwenda kabisa.

Daktari alisema goti limesagika ndani, na dawa pekee haitatosha. Goti libadilishwe, awekewe la chuma. Nasambu aliogopa.

"Nenda wakutengeneze," Wakhungu alimwambia. "Umeteseka vya kutosha. Ng'ombe nitabaki nao mimi."

Alipasuliwa Kitale, kwa sababu binti yao Ivy anaishi huko. Kazi ilienda vizuri. Wauguzi walimsimamisha mapema, akaanza kutembea kwa magongo. Nyumbani kwa Ivy aliendelea. Kila jioni Wakhungu alipiga simu akauliza, "Leo umefika wapi?"

"Nimefika kwa geti."

"Ati geti tu? Kesho ufike kwa jirani, bana!" Nasambu alicheka.

Halafu asubuhi moja simu ililia, lakini aliyeongea ni Lenah, dada ya Wakhungu. Wakhungu alikuwa ameanguka akikamua ng'ombe. Walimwinua, lakini alikuwa ameshakata roho.

Nasambu na Ivy walirudi nyumbani. Kaburi lilichimbwa chini ya migomba, kwenye mteremko, na siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha. Watu waliogopa Nasambu atateleza.

"Mulamwa, keti hapa," Lenah alimwambia. Ndivyo mawifi wanavyoitana kwao. "Sisi tutamzika kwa niaba yako."

Nasambu alikaa barazani peke yake. Alisikia nyimbo. Alisikia mchanga ukigonga jeneza. Hakuona kitu.

Tangu siku hiyo hakutaka kuinuka. Wanawake walimletea chakula kwenye kiti. Walimwekea mto chini ya goti ili apumzike. Dawa zake zilibaki kwenye mfuko.

"Mama, kunywa dawa," Ivy alimwomba.

"Maumivu ya goti ni kitu gani?" Nasambu alijibu. "Acha liniume. Baba yako amelala kwa mchanga, na mimi sikumsindikiza."

Wiki zilipita. Mguu ulivimba. Goti lilikataa kukunjika, likakataa pia kunyooka. Lenah alitaka kulisugua na majani ya moto. Ivy alikataa. Wakampeleka hospitali mjini Bungoma.

Daktari alipima mguu kwanza. Damu haikuwa imeganda ndani, na kidonda hakikuwa na usaha. Kisha akamtuma kwa Tejal, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tejal amezaliwa hapo Bungoma, na baba yake Nitin anauza vitambaa mjini.

"Shikamoo, Mama. Pole sana kwa msiba," Tejal alisema. Aliketi karibu naye. "Kwa nini uliacha dawa?"

"Nilikuwa na uchungu mwingine."

Tejal aligusa goti lililovimba. "Huo sina dawa yake, Mama. Lakini huu wa goti ukiuacha, utakufunga kwa kiti maisha yako yote."

"Lakini akitembea, si hicho chuma kitang'oka?" Lenah aliuliza.

"Hapana, Mama. Kimeshikana vizuri na mfupa. Kukaa tu ndiko kunaharibu. Nyama za ndani zinakauka na kushikana."

"Kumbe ni sisi tumemwumiza, na ule mto tulimwekea chini ya goti!" Lenah akaanza kulia.

"Mlimpenda. Lakini mto msiuweke chini ya goti, kwa sababu litazoea kujikunja. Uwekeni chini ya kisigino, mguu uinuke na unyooke. Uvimbe utapungua."

Akamgeukia Nasambu. "Watu wanafikiri dawa ya maumivu ni ya kukulaza tu. Lakini inakusaidia pia uweze kufanya mazoezi. Kunywa vile daktari ameandika. Usingoje maumivu yapande sana. Na usiongeze zingine za dukani bila kuuliza."

"Na nikifanya mazoezi likauma?"

"Litauma kiasi. Likipoa ukipumzika, hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla, simama, utuambie. Ukimaliza, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Kama hakuna barafu, kitambaa cha maji baridi. Usiweke vitu vya moto, na usisugue."

Tejal aliwaonya pia. Nyama ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma, kidonda kikitoa maji, au homa ikija, waende hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, wasingoje hata kidogo.

Kisha alimfundisha kuvuta kisigino nyuma polepole akiwa amekaa. Nasambu alipiga kelele. Tejal alimngoja apumue, wakaanza tena.

"Litarudi sawa?" Nasambu aliuliza.

"Sitakudanganya, Mama. Tumechelewa. Labda halitakunjika vile lingekunjika kama hungeacha mazoezi. Lakini utatembea."

Nyumbani, Lenah aliacha kumletea kila kitu. Alisimama kando yake tu. Nasambu alikunywa dawa, akapumzika kidogo, ndipo akavuta kisigino. Siku nyingine alifanya huku akilia, hajui kama analilia goti au mume. Alitembea mpaka mlangoni, halafu jikoni, halafu kwa ng'ombe. Siku ambayo mguu ulivimba alipunguza mwendo, lakini hakurudi kukaa kutwa nzima. Aliendelea kwenda Bungoma kwa Tejal.

Ardhi ilipokauka, alishika magongo akashuka kwenye migomba. Ivy na Lenah walimfuata nyuma bila kumshika. Kaburi lilikuwa limeanza kuota majani.

"Baba Ivy," alisema, "nisamehe. Siku ile sikuja."

Alisimama hapo akalia mpaka akachoka. Kisha akapanda mteremko, polepole, mwenyewe.

Sasa Nasambu anaenda sokoni Sirisia na fimbo moja. Goti halikunjiki lote, na kwenye kiti kifupi hawezi kukaa. Lakini maumivu yamepungua, na hashiki ukuta tena. Wageni bado wanakuja kumpa pole. Wakimwambia, "Keti, Mama, upumzike," yeye anachukua fimbo yake.

"Twendeni tukiongea," anawaambia. "Siku hizi nalia nikitembea."