Ndege Iliyoomba Taa

Ndege ya Jumanne ilikuwa imeshaondoka Tasiruluk, kijiji cha Wainuiti kaskazini kwenye barafu, na Alasi alikuwa akipiga deki chumba cha abiria pale kiwanjani, redio ya mawasiliano ilipokohoa. Ilikohoa kabisa, kama mtu. Kisha sauti ikasema:

"Washeni taa. Tuko juu yenu."

Alasi akatazama ratiba ukutani. Hakuna ndege nyingine iliyotarajiwa. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Desemba, na kama kawaida ya huko kaskazini jua limeshazama.

"Tumasi! Kuna ndege inaomba taa."

Kaka yake, mwangalizi wa kiwanja na taa zake, alitoka ofisini na kikombe cha chai. Akasikiliza kidogo, akaizima redio.

"Mawimbi tu hayo, dada. Baridi inaichezea."

"Mawimbi yanaongea Kiinuiti?"

"Piga deki wewe. Ukishakuwa rubani ndipo utanifundisha redio."

Wakacheka wote wawili. Huyu ndiye kaka aliyemtafutia kazi hii baada ya mumewe, Jusipi, kufariki Oktoba ya mwaka jana. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa, na tangu hapo haikupita Jumapili bila kumletea nyama ya sili aliyemwinda baharini. Lakini kabla ya kurudi ofisini, Alasi alimwona akiichomoa redio waya wa umeme.

Jumatano, saa ileile, ilianza harufu. Dawa ya zahanati, na jasho la mgonjwa ambalo Alasi alilijua vizuri kwa sababu alilifuta yeye mwenyewe kwenye paji la Jusipi siku tatu mfululizo. Halafu juu ya bati ukaja mngurumo wa injini, ukazunguka mara moja, ukazunguka mara ya pili, madirisha yakitetemeka na viti vya abiria vikisogea polepole kuelekea mlango wa uwanjani kana kwamba waliovikalia wameitwa kupanda, na katika redio ambayo haikuwa na umeme, ile sauti, ambayo sasa hakuweza tena kujidanganya kwamba haijui, ilinong'ona karibu kabisa na sikio lake: "Alasi, mbona uliniambia ni upepo?"

Alikimbia bila glavu hadi kwa Bibi Mitiarjuk, ambaye baba yake alikuwa mganga kabla makasisi hawajafika.

Alhamisi bibi alikuja, akakataa viti, akakaa juu ya mizani ya mizigo.

"Jusipi alikuambia nini kabla hajafa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alisema anasikia ndege. Nikamwambia ni upepo, alale. Tumasi alikuwa amepiga simu zahanati kwamba ndege ya wagonjwa imegeuza njiani, ukungu umefunika kiwanja."

"Basi kuna neno limefichwa humu, na huyu mumeo analinusa. Akilisema aliyelificha, pepo atatoka humu. Baba yangu hakuwa na dawa nyingine."

Tumasi alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi, nina kazi."

"Kaa."

Mngurumo ukaanza tena juu ya bati. Tumasi akaziba masikio. Alipoona haisaidii, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa.

"Hakukuwa na ukungu," alisema.

"Nini?" Alasi alinong'ona.

"Kulungu wa theluji walipita nyuma ya kilima, dada. Kundi zima! Nikasema naenda kuwinda mara moja tu, ndege bado. Niliporudi nikamkuta rubani anaondoka. Alikuwa amezunguka mara tatu akiomba taa. Nilimwita kwa redio, akasema mafuta hayamruhusu kurudi. Kampuni nikawaambia taa zimeharibika. Ninyi nikawaambia ukungu."

Mngurumo ulikatika ghafla. Harufu nayo ikaisha.

Alasi alikumbuka matanga. Kulikuwa na nyama ya kulungu, sufuria mbili, na Tumasi ndiye aliyewapakulia watu.

"Ulinilisha," alisema. "Mimi na wanangu. Ulitulisha nyama hiyo."

"Dada, nisamehe."

Alasi akaenda kusimama dirishani. Tumasi alingoja, kisha akajikokota, akavaa koti lake na kutoka kwenda kwenye pikipiki yake ya theluji. Wanawake wale wawili walimtazama dirishani akiiwasha chini ya taa ya mlango. Alipokaa tu, kiti cha nyuma yake kikabonyea taratibu, kama kinavyobonyea mtu mzima anapopanda, na theluji iliyokuwa juu yake ikapukutika pande zote mbili. Tumasi hakugeuka. Hakuwa amehisi kitu.

Bibi Mitiarjuk alimshika Alasi mkono.

"Mwite kaka yako, mwanangu. Mwite sasa, kabla hajafika kwenye barafu ya ziwa. Haitawabeba wawili."

Alasi alikuwa na pumzi ya kutosha kuita. Pikipiki ikaondoka, nzito upande wa nyuma, taa yake nyekundu ikizidi kuwa ndogo.

"Bibi," alisema, akiteremsha pazia, "nikumiminie chai?"