Upepo wa Saa Nane

"Kwa idhini ya mbingu zote na mawingu yake," alitangaza Waseya, akiwa amesimama gatini juu ya ndoo iliyopinduliwa, "wavunaji wa Ziwa la Mapezi mnaarifiwa kwamba leo kuna jua na upepo mtulivu wa kusini. Saa kumi na moja jioni hewa ya baridi itaingia kutoka kaskazini magharibi, ikiandamana na mvua na ukosefu mkubwa wa adabu."

Ndoo ikateleza. Mtangazaji akaketi topeni.

"Ukimaliza, shika upondo," alisema bibi yake, Delphine.

Utabiri ulikuwa kazi ya Waseya kila msimu wa kuvuna mpunga wa ziwani, ule unaojiotea majini. Redio pekee iliyoshika pale ilikuwa ya gari la mjomba Roland, na alfajiri mjomba hakuamini kitu isipokuwa kahawa, hivyo Waseya ndiye aliyeisikiliza na kuwapasha wengine. Asubuhi hiyo wote walitega masikio. Mpunga wa ghuba ya juu ulikuwa umeiva, na upepo wa kwanza wa baridi ungeupukutisha wote ziwani. Hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha majira ya baridi.

Bibi alidondosha tumbaku kidogo majini, sadaka ya kulishukuru ziwa, wakaondoka. Waseya alisimama nyuma akisukuma mtumbwi kwa upondo. Bibi aliketi, akiinamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyapiga taratibu kwa kingine. Punje zilinyesha, zikiwachoma shingoni. Kufikia saa saba mtumbwi ulikuwa umejaa hadi magotini.

Kisha upepo ukakatika. Bata wakaruka wote kwa pamoja. Magharibi ukatokea mstari wa rangi ya chuma, ukikua.

"Saa ngapi?" aliuliza bibi.

"Saa nane kasoro."

"Umewahi, huu."

Waseya aligeuza mtumbwi. Alitaka wakimbilie gatini, lakini bibi alitazama maji ya wazi yaliyokuwa katikati, kisha akatazama jinsi mtumbwi ulivyozama kwa uzito.

"Pale tutamezwa. Tuuingize mtumbwi ndani ya mpunga."

Waseya alisukuma mpaka mabua yakamkata viganja. Bibi akatoa mfukoni kamba ya gome, ile ambayo wanawake wa zamani walifungia matita ya mpunga uliosimama ili upepo usiupukutishe na kila mtu ajue fungu lake. Alikusanya mabua mafungu mafungu, akaufunga nayo mtumbwi kila upande.

Upepo ukafika kama mlango uliopigwa teke. Mvua ililala ubavuni, ikageuka chembe za barafu. Mawimbi yalivunjikia kwenye mabua, lakini mengine yalipita, na Waseya akayakomba kwa kopo la kahawa bila kupumzika. Alipogeuka, midomo ya bibi ilikuwa ya buluu.

"Zika miguu," bibi alisema.

Wakajizika mapajani ndani ya mpunga. Katikati ya rundo ulikuwa umeanza kupata joto lake wenyewe, kama majani mabichi yaliyorundikwa. Vidole vya bibi vilikuwa havikunjiki tena. Waseya akaviweka kwapani mwake, akavihesabu kimoja kimoja kwa sauti ili bibi asisinzie. Alipofika kumi alianza upya. Kila mara alikaribia kusema jambo jingine, na kila mara akasema moja.

Mjomba Roland aliwakuta jioni kwa boti ya injini, upepo ulipolegea. Njia nzima alijilaumu: alikuwa amejilaza, akijua bado ana saa tatu.

Ndani ya gari aliwasha joto, na redio ikawaka nayo. "Kama tulivyotangaza tangu alfajiri," ilisema, "baridi iliingia saa nane mchana."

Mjomba akaacha kuchokonoa kifungo cha joto. Bibi, aliyefungwa blanketi hadi kidevuni, hakugeuza kichwa.

"Tusomee tena, mtangazaji."

Waseya alitafuta maneno yake makubwa, asiyaone.

"Redio ilisema saa nane. Kumi na moja niliiweka mimi. Ungesikia nane usingekwenda, bibi, na mpunga ungezama."

"Mpunga ukizama unaota mwakani," alisema bibi, akivitazama vidole vyake. "Na mimi je?"

Waseya aliviweka tena vidole hivyo kwapani mwake.

"Nilidanganya," alisema.